Kabalo: kaye ya namba za telekomande

Siku ya ine asubuhi, mama mmoja aliingia katika banda la depaneri karibu na stasiyo ya Kabalo, amebeba dekoderi ndani ya kitenge kama vile mtu anavyobeba mtoto mwenye homa. Akaiweka juu ya meza, katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo. Kisha akatoa telekomande. Ilikuwa imelala usiku mzima ndani ya beseni la vyombo.

"Papa fundi, dekoderi yangu iko muzima," akasema. "Ni telekomande njo imekufa. Siku ya yenga Mazembe inacheza, na batu batakuja. Nitabaambia nini?"

Mama huyo anaonyesha mipira na filme katika nyumba yake. Kila anayeingia analipa kitu kidogo mlangoni, na kwa feza hizo watoto wanasoma. Dekoderi yake ina kitufe kimoja tu mbele, cha kuwasha na kuzima. Ukiiwasha, inarudi kwenye chaine ya mwisho iliyofungwa. Kwa bahati mbaya, chaine ya mwisho ilikuwa ya mapishi.

Sisi tulikuwa tumeketi pale na kompyuta yetu, tena na kadi moja ndogo ya Arduino ndani ya sakoshi, kwa sababu tulikuja kuandika habari hii hii: namna fundi wa mji mdogo anavyoweza kusoma telekomande, kuandika namba zake, na kuzituma tena kwa kifaa cha dola chache. Tulifikiri tutaonyesha mfano, tupige picha, tuende zetu. Mama akatuangalia sisi, akaangalia fundi. Basi tukabaki siku tatu.

Msomaji atauliza: juu ya nini asinunue telekomande nyingine? Kabalo ni njia panda ya reli. Njia ya kwenda Kalemie ilifika ziwani tangu 1915, na ile ya Kamina ikaunganishwa katika miaka ya 1950. Lakini reli kuwa karibu si kusema kitu kinafika kesho. Telekomande zile zinazoitwa za tele zote zinauzwa sokoni, ndiyo, na kwa tele za majina makubwa zinafanya kazi. Kwa dekoderi ambayo jina lake halijulikani hata na aliyeiuza, hazifanyi. Fundi alikuwa nazo mbili. Alizijaribu zote mbili mbele yetu, ukurasa kwa ukurasa wa ile karatasi yenye maandishi madogo. Hakuna.

Kwanza tuseme telekomande ni nini. Ndani yake kuna ledi inayotoa mwanga wa infraruji, mwanga uliovuka wekundu ambao macho yetu hayauoni. Kamera ya telefone inauona. Elekeza telekomande kwenye kamera ya mbele, bonyeza, utaona nukta ya rangi ya zambarau inawaka. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kujua kama imekufa kweli au ni pile tu. Ile ya mama haikuwaka hata baada ya pile mpya.

Lakini mwanga huo uko kila mahali. Jua linautoa, moto wa makaa, pasi, hata mwili wa mtu. Dekoderi inatambuaje sauti ya telekomande katika kelele hiyo yote? Fikiri mtu wa reli usiku na taa yake. Taa ziko nyingi stasiyoni, lakini ile inayopungwa ndiyo dereva anaitazama. Telekomande nayo inapunga mwanga wake: inauwasha na kuuzima karibu mara 38,000 kwa sekunde moja. Kipokezi kilicho mbele ya dekoderi kinadharau mwanga wowote usiopungwa kwa mwendo huo. Kampuni nyingine zimechagua mwendo wao: Philips 36,000, Sony 40,000. Ile 38,000 ndiyo imeenea zaidi.

Katika telekomande nyingi za zamani mwendo huo unatoka kwenye kipande kidogo cha kauri kinachotetemeka mara 455,000 kwa sekunde; ukigawanya kwa 12 unapata karibu 38,000. Tunalisema kwa sababu kipande hicho ndicho kinachopasuka telekomande ikianguka kwenye sima. Fundi wetu anakijua vizuri. Ana kopo limejaa vipande hivyo, amevitoa katika telekomande zilizokufa kwa sababu nyingine, na mara nyingi kubadilisha kimoja kunatosha. Kwa ile ya mama hakikutosha. Maji yalikuwa yamekula njia za shaba na akili yenyewe, ile chipu nyeusi iliyofunikwa kwa tone la gundi.

Sasa lugha yenyewe. Iliyo maarufu kuliko zote inaitwa NEC, jina la kampuni ya Japani. Inaanza kwa mwanga mrefu wa milisekunde 9, halafu giza la milisekunde 4.5. Hiyo ni kama kupiga hodi. Baadaye zinafuata biti 32. Kila biti ni mwanga mfupi wa mikrosekunde kama 560, kisha giza. Giza likiwa fupi, vilevile 560, ni sifuri. Likiwa refu mara tatu hivi, ni moja. Basi. Habari yote iko ndani ya urefu wa giza, si ndani ya mwanga.

Biti hizo 32 ni namba nne. Ya kwanza ni anwani: inasema ni mashine gani inaitwa, ili telekomande ya tele isiamshe redio. Ya pili ni anwani ileile imegeuzwa, kila sifuri kuwa moja na kila moja kuwa sifuri. Ya tatu ni amri ya kitufe, na ya ine ni amri hiyo imegeuzwa. Ukijumlisha namba na iliyogeuzwa, lazima upate 255. Amri ikiwa 69, mwenzake ni 186. Kama jumla haitoki 255, mashine inajua imesikia vibaya na inanyamaza. Tulipomweleza fundi jambo hili alicheka. "Ni kama kuhesabu feza mara mbili mbele ya mwenyewe."

Ili kusoma namba hizo tulihitaji kipokezi. Hakuna haja ya kukiagiza mbali. Kila tele iliyokufa, kila dekoderi iliyopigwa na radi, ina kipokezi mbele, nyuma ya kile kioo chekundu cheusi: kitu cha miguu mitatu chenye jicho la mviringo. Mguu mmoja unatoa habari, mmoja ni wa chini, mmoja unapokea umeme, na volti 5 za chaja ya telefone zinatosha. Lakini mpangilio wa miguu si mmoja kwa watengenezaji wote. Hapa tulifanya kosa letu. Tulichomoa kipokezi cha kwanza haraka, tukakiunganisha kama tulivyozoea, na baada ya sekunde chache kidole kilisikia joto. Kikafa mikononi mwetu. Fundi hakusema neno. Alienda kwenye rundo, akaleta tele nyingine, na safari hii alifuata kwanza njia za shaba kwenye kadi yake, akaandika kwa biki mguu upi unaenda wapi, ndipo akachomoa. Tangu pale kazi ya mikono tulimwachia yeye.

Alipokuwa anachomelea tuliangalia ile waya ya bati inayeyuka. Manono iko katika mkoa huu huu wa Tanganyika, na kasiterite yake, jiwe la bati, imechimbwa tangu wakati wa Wabelgiji. Bati inarudi Kabalo imesokotwa kwenye kigurudumu kidogo cha plastiki kutoka ng'ambo, na fundi anaikata kwa kipimo kama dawa.

Arduino ni kadi yenye mikrokontrola: kompyuta ndogo sana yenye kazi moja. Ilizaliwa Italia, mji wa Ivrea, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi wasio wahandisi. Ile ya aina ya Uno ina chipu inayopiga hatua milioni 16 kwa sekunde, hivyo kupima giza la mikrosekunde 560 kwake ni kama sisi kungoja treni. Programu ya kusoma na kutuma infraruji hatukuiandika sisi. Inaitwa IRremote, ilianzishwa na Mmarekani Ken Shirriff mwaka 2009, na inatolewa bure. Tulikuja nayo ndani ya kompyuta, kwa sababu kuipakua kwa intaneti ya kule kungemaliza feza ya chakula.

Jaribio la kwanza tulilifanya nje, chini ya muembe, na kompyuta ilionyesha takataka tupu. Namba zilibadilika hata bila mtu kubonyeza. Jua la saa sita lilikuwa limekijaza kipokezi mwanga hadi kikapofuka. Tulihamia ndani, fundi akazungusha karatasi nyeusi kama bomba mbele ya jicho lake, na hapo namba zikatulia. Telekomande ya redio ya jirani: anwani 0, kitufe cha kuwasha 69. Tukabonyeza mara kumi, mara kumi 69.

Habari ikatembea kuliko sisi. Kabla ya mangaribi watu walikuwa wamesimama mlangoni na telekomande zao: ya tele, ya redio, ya dekoderi nyingine, hata ya ventilateri. Tulizisoma kumi na mbili. Fundi alichukua kaye ya shule, ya mistari, akaandika kila moja ukurasa wake: alama ya mashine, anwani, halafu vitufe kimoja kimoja na namba yake. Mwenye mashine alirudi nyumbani na telekomande yake nzima. Hakupoteza kitu. Lakini siku ikianguka mtoni, jina lake liko kwenye kaye.

Hapa ndipo tulielewa jambo ambalo mwanzoni hatukuliweka mbele. Watu wanaleta telekomande kwa fundi ikiwa imekufa, na iliyokufa haisemi namba zake. Kusoma ni dakika kumi ikiwa hai. Tukiangalia rundo la plastiki pembeni ya banda, telekomande zaidi ya arobaini, tulihesabu ni mashine ngapi zilitupwa pamoja nazo, au zimekaa kwenye kabati zimefunikwa kitambaa. Kila moja ilikuwa na namba ishirini au thelathini tu za kuandikwa.

Ile ya mama ilikuwa tayari katika rundo la walionyamaza. Hakuna mtu katika kartye aliyekuwa na dekoderi kama yake. Siku ya tano ikapita hivyo, tukitafuta. Mama alipita mara mbili, hakuuliza, alituuzia mandazi.

Siku ya posho tulikata shauri la kupapasa. Ikiwa dekoderi inasema NEC ya kawaida, anwani yake ni mojawapo ya 256, na amri ya kuwasha ni mojawapo ya 256. Yote pamoja ni maneno 65,536. Tukituma matano kwa sekunde, itachukua muda wa saa tatu na dakika thelathini na nane. Ni mingi kwa kidole cha mtu, si kitu kwa kadi isiyochoka. Tuliwaambia wazi wote wawili kwamba tunaweza kumaliza saa zote tatu bure: kuna dekoderi zinazotumia anwani ndefu ya biti 16, na nyingine zinasema lugha tofauti kabisa.

Ledi ya kutuma tuliitoa ndani ya telekomande ileile iliyokufa. Mguu wa Arduino hauna nguvu ya kuiwasha vizuri, hauvumilii zaidi ya miliampea 20 kwa raha, kwa hiyo fundi aliweka transista, aina ya 2N2222, na rezistansi ya kuizuia isiungue. Kwa njia hiyo mwanga unafika mita kadhaa. Dekoderi ilikaa katika usingizi, taa yake nyekundu inawaka. Katika usingizi, dekoderi husikiliza kitufe kimoja tu, kile cha kuamka, na hilo linasaidia: amri nyingine zinapita bila kuharibu kitu. Kazi yetu ilikuwa kuangalia taa.

Tulianza na anwani kumi na mbili za kaye, dakika kumi tu. Taa haikusogea. Tukarudi kwenye sifuri, moja, mbili. Kompyuta ilikuwa inaandika kila namba inayotumwa. Batri yake ililishwa na plake ya jua ya jirani, mpaka jirani akaja kuuliza kama tunatengeneza bombe. Kijana mmoja alijitolea kuangalia taa kwa zamu, akalala. Anwani 60. Anwani 90. Mama alikuja, akaketi juu ya kibao, mikono kwenye magoti.

Ilikuwa imepita saa moja na dakika arobaini hivi wakati alipopaza sauti yeye mwenyewe: "Imegeuka! Imegeuka kijani!"

Fundi alichomoa waya. Namba ya mwisho kwenye kompyuta ilikuwa imekwisha kupita kidogo, maana jicho na mkono vinachelewa, kwa hiyo tulirudi nyuma hatua ishirini na kutuma moja moja, tukisubiri kila mara. Kwenye ya kumi na moja, taa ikarudi nyekundu. Tukatuma tena hiyo hiyo: kijani. Anwani ilikuwa 117. Na mwenzake 138, jumla 255. Fundi alifungua ukurasa mpya, akaandika 117 kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Zilizobaki zilikuwa rahisi, ila zinataka uvumilivu. Anwani ukiijua, zimebaki amri 256. Dekoderi ikiwa macho, tuliunganisha tele na kuzituma polepole, moja kwa kila sekunde tatu. Chaine juu, chaine chini, sauti, menyu, tarakimu. Tunashauri watu wasifanye hivi kwa kasi. Kwenye mashine nyingine kuna amri za kiwanda ambazo hazina kitufe kwenye telekomande, na ukiziamsha bila kujua unaweza kufuta chaine zote au kufungua menyu usiyoweza kutoka. Kila kioo kilipobadilika tulisimama, tukaandika, tukarudisha. Ilipofika saa nne usiku tulikuwa na vitufe kumi na tisa. Mama alituomba tuache pale. Cha mpira kilikuwa kimepatikana.

Telekomande mpya ya mama ni ubao. Fundi alichukua Arduino ndogo aina ya Nano aliyokuwa nayo kwa muda mrefu bila kazi, akaweka ndani yake zile namba, akaunganisha vitufe saba alivyovikata kwenye redio za zamani, akavipigilia kwenye kipande cha ubao wa kasha la sabuni. Umeme wake unatoka kwenye waya ya chaja ya telefone. Mama alitaka kila kitufe kiandikwe kwa Kiswahili, na akataka ubao ufungwe kwenye meza yake kwa kamba, "juu batoto basiubebe tena ku maji."

Siku ya yenga nyumba ilijaa. Hatutaandika matokeo ya mchezo, wasomaji wanayajua. Tunaandika tu kwamba katika kipindi cha pili chaine ilipotea kwa ajili ya mawingu, na mama akabonyeza ubao wake bila kuuangalia, kama mtu aliyekuwa nao miaka.

Kuna mambo mawili ambayo si mazuri kuyaficha. Moja: kifaa hiki kinaweza kuzima tele ya mtu mwingine kupitia dirisha wazi. Vijana wawili waliiomba kadi yetu kwa usiku mmoja, na tulipouliza ya nini, walicheka tu. Tuliwakatalia. Pili, gharama. Nano moja kwa kila telekomande iliyokufa bado ni nyingi kwa mtu anayetaka tu kubadilisha chaine. Kwa kazi ya mama inalipa, kwa mwingine telefone ingefaa zaidi: aina fulani za Xiaomi zina ledi ya infraruji juu kabisa ya kichwa, na ukiwa na namba kwenye kaye, programu inayokubali kuandikiwa namba inatosha. Kabalo tuliona moja tu, mkononi mwa mfanyabiashara aliyekuwa anapita, na hakujua kama inayo.

Tulipokuwa tunafunga sakoshi siku ya kwanza, mtu mmoja alifika na telekomande ya klimatizeri ya ofisi yao. Nzima, haijafa; alikuwa amesikia habari ya kaye, anataka iandikwe mapema. Tulifurahi mno. Lakini kompyuta ilipoisoma haikuonyesha biti 32, ilionyesha mstari mrefu unaopita ukingo wa kioo. Klimatizeri nyingi ziko hivyo: kila unapobonyeza, telekomande inatuma kila kitu upya, joto, upepo, saa, hata kama umebadilisha digrii moja tu. Digrii 22 ni neno moja refu, digrii 23 ni neno lingine.

Fundi aliangalia mstari ule, akageuza kaye upande wa mapana, akaanza kuchora safu.

"Acheni kadi yenu hapa mupaka treni ya kurudi," akasema. Tukamwachia.